Safu ya Ushauri: Kiwiko cha mwanangu kimeunga lakini hakinyooki, je, akandwe?

Daktari, Assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, mvulana wa miaka sita, aliyeanguka kutoka juu ya punda na kuangukia mkono wa kushoto. Kiwiko kilivimba papo hapo, na mkono ukawa umepinda vibaya juu kidogo ya kiwiko. Hospitalini alipigwa picha, tukaambiwa kwamba mfupa wa mkono wa juu umekatika karibu na kiwiko na kipande cha chini kimerudi nyuma kabisa, hivyo anahitaji kutiwa vyuma na daktari wa mifupa huko Mombasa. Daktari alipima mapigo ya mkono akasema damu inapita. Ilikuwa jioni, na safari ya kuvuka Mokowe na kupanda gari tuliipata asubuhi yake, kwa hiyo mpaka mwanangu anaingia chumba cha upasuaji ilikuwa jioni ya siku ya pili. Jambo hilo linanikosesha usingizi, kwa sababu kila anayenijulia hali huniambia kwamba kuchelewa ndiko kulikomharibu mtoto.

Upasuaji ulikwenda salama. Alitiwa waya tatu kupitia ngozi, akafungwa plasta, na baada ya wiki nne waya zikatolewa kliniki, akalia kidogo tu. Daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga na umekaa sawa. Sasa ni wiki tatu tangu waya zitolewe, na mambo mawili yananitia hofu. La kwanza ni kwamba mkono haunyooki wala haukunjiki sawasawa. Akitaka kugusa bega lake kwa mkono huo hafiki. La pili ni kwamba kidole gumba na kidole cha shahada vya mkono huo havikunjiki kwenye ncha. Akivaa kanzu ya kwenda chuoni hawezi kufunga vifungo; hushika kifungo kwa ubapa wa vidole, kikamponyoka, akarudia, mpaka dada yake akaja kumfungia. Akiguswa anahisi na hana ganzi, lakini hana nguvu ya kubana.

Mavyaa wangu, ambaye naishi naye na namheshimu sana, anataka aletwe mkandaji, amkande kwa mafuta ya simsim na kumnyoosha kila asubuhi, kisha mtoto awe anabebeshwa ndoo ya maji ili mkono ushuke wenyewe. Anasema kwamba tangu mwanzo hapakuwa na haja ya vyuma, na mfano wake ni mtoto wa jirani aliyevunjika mahali hapo hapo, akafungwa vibanzi na muunga mifupa, na leo anacheza mpira. Ni kweli anacheza, lakini akiunyoosha mkono wake kiwiko hutokeza nje na kiganja huingia ndani kuelekea mwilini. Mume wangu ni mvuvi na yuko baharini. Nikimpigia simu husema tufanye tunavyoona. Je, upasuaji ulikuwa na haja? Je, nilimharibu kwa kuchelewa? Na je, akandwe au asikandwe?

Mama mwenye wasiwasi, Lamu

*

Waaleikum salaam, mama. Pole wewe, na pole kijana. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lisilongoja: asikandwe, asivutwe, wala asibebeshwe ndoo. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu ili upate la kumwambia mavyaa wako kwa hoja na kwa adabu.

Kiwiko cha mtoto kina tabia mbili ambazo watu wengi huzichukua kinyume. Kikiunga kimepinda, hakijinyooshi. Kikikakamaa baada ya kuvunjika, kwa kawaida hulainika chenyewe. Familia nyingi huvumilia kule kupinda, wakisema mtoto bado mdogo na atakua nako kutanyooka, kisha hupambana na ukakamavu kwa mafuta na nguvu. Hospitali uliyokwenda ilifanya linalopasa, ikanyoosha palipopinda mapema, na sasa sehemu yako ni kuacha ukakamavu uondoke kwa wakati wake.

Mfupa wa mkono wa juu unapokaribia kiwiko huwa bapa na una vishimo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na baina ya vishimo hivyo mfupa ni mwembamba mno. Mtoto anayeanguka hutanguliza kiganja ili ajikinge. Kiwiko hunyooka kupita kiasi, na ncha ya mfupa wa mkono wa chini hugonga kishimo cha nyuma na kuukata mfupa pale pale palipo pembamba. Ndiyo sababu mvunjiko huu ndio mwingi kuliko yote katika viwiko vya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7, na mara nyingi huwa wa mkono wa kushoto. Madaktari huupima kwa ngazi tatu zilizoelezwa na daktari wa Kimarekani aitwaye Gartland mwaka 1959. Katika ngazi ya kwanza kuna ufa tu, na plasta ya wiki tatu hivi inatosha. Katika ngazi ya pili mfupa umeinama lakini upande wa nyuma ungali umeshikana; baadhi ya watoto hao hufungwa plasta na wengi hutiwa waya. Katika ngazi ya tatu vipande vimeachana kabisa, na kwa maelezo yako huo ndio uliokuwa mvunjiko wa mwanao.

Kwa ngazi hiyo ya tatu plasta peke yake haitoshi, na sababu yake ni vyema ieleweke nyumbani. Ili kipande kilichorudi nyuma kibaki mahali pake bila waya, kiwiko hulazimika kukunjwa sana, kupita nyuzi 90, na kufungwa hivyo hivyo. Lakini kiwiko kilichovimba kikikunjwa kiasi hicho, mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele yake hubanwa, na mkono ukakosa damu. Kikilegezwa ili damu ipite, mfupa huteleza tena. Waya ndizo zinazoondoa tatizo hilo. Mtoto akishalala kwa nusukaputi, daktari huuvuta mkono taratibu, hukisawazisha kipande kwa upande, kisha hukunja kiwiko huku akikisukuma kipande mbele kwa kidole gumba, na kila hatua huitazama kwenye skrini ya mashine ya eksirei iliyo kando ya meza. Mfupa ukikaa, hupitisha waya mbili au tatu, zenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, kwa upande wa nje wa kiwiko, zikiwa zimetanuliwa ndani ya mfupa ili kipande kisizunguke. Waya ya upande wa ndani hupita karibu na ule mshipa wa fahamu ambao mtu akijigonga kiwiko mkono wote husisimka, na kwa hiyo madaktari wengi hupendelea kuanza na upande wa nje. Ncha za waya huachwa nje ya ngozi chini ya plasta, na kwa vile mfupa wa mtoto mahali hapo huunga kwa wiki tatu au nne, huvutwa kliniki bila nusukaputi, kama ulivyoona mwenyewe. Ngozi hupasuliwa pale tu mfupa unapokataa kurudi kwa njia hii, au mshipa unaponaswa baina ya vipande, au mvunjiko unapokuwa umetoboa ngozi.

Wanaosema mifupa ya watoto hujinyoosha hawakosei, kwa kuwa mifupa mingi yao ina sifa hiyo. Mfupa wa paja ulioinama kidogo kwa mtoto wa miaka minne huweza kusawazika kadiri anavyokua. Kiwiko hakimo katika kundi hilo, kwa sababu mfupa wa mkono wa juu hurefuka zaidi kutokea upande wa bega, kama asilimia 80 ya urefu wake, na upande wa kiwiko huchangia asilimia 20 tu. Kuinama kwa mbele au nyuma kunaweza kupungua kidogo kwa mtoto mdogo, lakini kupinda kwa upande, kama kulivyo kwa mtoto wa jirani, hubaki hivyo hivyo mpaka utu uzima.

Mtoto huyo anacheza mpira, na mkono wa namna hiyo kwa kawaida hauumi na hufanya kazi nyingi. Hata hivyo mkono uliopinda kwa ndani huvunjika kwa urahisi zaidi upande wa nje wa kiwiko mtoto akianguka tena, na baada ya miaka kadhaa baadhi yao hupata usumbufu wa mshipa wa fahamu au kiwiko kulegea. Wazazi wake wakitaka unyooshwe, upo upasuaji ambao kipande cha mfupa chenye umbo la kabari hukatwa na mfupa ukafungwa upya kwa waya au bamba la chuma, na madaktari wengi hungoja kama mwaka mmoja tangu kuvunjika, mpaka kiwiko kipate mwendo wake, ndipo waufanye. Upasuaji huo ni mkubwa kuliko ule wa mwanao. Ningewashauri wampeleke kliniki ya mifupa apigwe picha ya mikono yote miwili, ijapokuwa hana maumivu, kwa kuwa kupinda hakutokani na mvunjiko mmoja tu. Upo mwingine wa kokwa ya nje ya kiwiko, ambao mwanzoni huonekana mdogo, na kipande kikisogea zaidi ya milimita 2 bila kutiwa waya huweza kukataa kuunga kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo mtoto wa jirani alinusurika nalo, na hili naliandika kwa ajili ya kila mzazi wa visiwani anayesoma. Siwadharau waungaji mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, na wamewasaidia watu wengi mahali ambapo hospitali iko mbali. Kiwiko kilichovimba ndicho nisichotaka wakiguse, kwa sababu ya vibanzi vinavyokazwa. Uvimbe huendelea kuongezeka kwa siku moja au mbili baada ya kuvunjika, na kitambaa kilichokuwa sawa asubuhi huwa kimekaza usiku. Misuli ya mkono wa chini imo ndani ya mfuko mgumu usiotanuka. Shinikizo likipanda humo, damu haipiti tena kwenye misuli hata kama vidole vingali na joto, na ikipita takriban saa 6 hivi misuli huanza kufa. Kinachobaki ni mkono uliokauka, kiganja kimejikunja na vidole vimekuwa kama ndoana, hali iliyoelezwa na daktari wa Kijerumani Volkmann mwaka 1881 na ambayo mpaka leo hakuna upasuaji unaoirudisha kuwa mkono mzima. Nimewaona watoto wa hali hiyo, na ni vigumu kuvumilia kumtazama mzazi unapomweleza kwamba kitambaa kingelegezwa usiku ule, mkono ungebaki. Dalili yake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mtoto asiyetulia na anayetaka dawa ya maumivu kila mara, na kilio pale vidole vyake vinaponyooshwa taratibu. Ukiona hayo, iwe mtoto amefungwa vibanzi au plasta ya hospitali, kila kilichofungwa kifunguliwe mpaka kwenye ngozi, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu kuchelewa, uutoe mzigo huo moyoni mwako. Haraka ya kweli katika mvunjiko huu ni pale mkono unapokuwa wa baridi na umepauka, au hauna mapigo, au mfupa umetoboa ngozi, au maumivu yanazidi kama nilivyoeleza. Mwanao alipimwa mapigo na damu ilikuwa inapita, ngozi haikutoboka, na katika hali hiyo kungoja usiku mmoja ili mtoto afike kwa daktari aliye na mashine na vifaa ni jambo ambalo madaktari wenyewe hulifanya mara nyingi. Kilicho muhimu ni jinsi mtoto anavyosafiri. Mkono ufungwe kwenye ubao au kadibodi ngumu, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu kwa kadiri mtoto anavyoridhika, bila kukinyoosha na bila kukikunja zaidi, na vidole viachwe wazi ili rangi yake ionekane wakati wote wa safari. Bangili, pete na hirizi iliyofungwa mkononi zitolewe kabla uvimbe haujazibana. Na kwa kuwa huenda akatiwa nusukaputi akifika, asipewe chakula ndani ya saa 6 kabla ya upasuaji. Maji matupu huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, lakini ni bora umpigie simu au umuulize anayekupa barua ya rufaa.

Sasa nije kwenye kifungo cha kanzu, maana umelieleza vizuri sana na maelezo yako yamenisaidia kuliko ambavyo ungedhani. Mbele ya kiwiko hupita mshipa wa fahamu wenye tawi moja linalokunja ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada, na tawi hilo halibebi hisia za ngozi, ndiyo maana mwanao anahisi akiguswa ilhali hawezi kubana. Katika mvunjiko wa aina hii ndilo linaloumia mara nyingi zaidi, na huumia wakati ule ule wa kuanguka, pale ncha ya mfupa inapolisukuma, kwa hiyo halikutokana na safari yenu. Mwambie aunganishe ncha ya gumba na ncha ya shahada afanye duara. Asiye na tatizo hufanya duara kamili. Mwenye tatizo hili, vidole hugusana kwa ubapa na umbo huwa kama jicho lililofumba nusu. Mara nyingi mshipa huwa umeteguka tu bila kukatika, nao hurudi polepole, kwa wengi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kila wiki mtazame afanye duara hilo, na umpe vitu vidogo avichukue kwa mkono wa kushoto, kama kunazi au vifungo vyenyewe. Ikitimia miezi mitatu tangu alipoanguka na hakuna mabadiliko hata kidogo, daktari wa mifupa anapaswa kujua, kwa kuwa kuna vipimo vya mishipa ya fahamu vinavyoweza kufanywa.

Nimefika kwenye ukakamavu, ambao najua ndio unaowakera nyote nyumbani kwa sababu ndio unaoonekana. Kiwiko kilichofungwa wiki nne hutoka kikiwa kigumu kama bawaba iliyoshika kutu, na kwa mtu mzima ukakamavu huo huweza kudumu, lakini mtoto ana fadhila yake. Watoto wengi waliotiwa waya na mfupa ukakaa sawa hurudisha sehemu kubwa ya mwendo katika miezi michache ya kwanza, na kilichobaki huendelea kurudi mpaka kama mwaka mmoja, bila kuvutwa na mtu. Kinachorudisha mwendo ni misuli ya mtoto mwenyewe, akikunja na kunyoosha kwa hiari yake hadi pale panapomuuma, kisha akaacha. Mtu mwingine akiunyoosha mkono huo kwa nguvu, misuli huchanika ndani na kuvuja damu, na mwili hujibu kwa kujenga mfupa mahali ambapo hapakuwa na mfupa, ndani ya msuli ulio mbele ya kiwiko. Mfupa huo wa ziada huzuia kiwiko kukunjika kabisa, na wengine huhitaji upasuaji wa kuutoa. Ndoo ya maji hufanya vivyo hivyo: huvuta kiwiko kisichotaka kuvutwa, mtoto hukaza misuli kwa maumivu, na kiwiko huzidi kushika. Juu ya hayo, mfupa ulioungana wiki chache zilizopita bado haujapata nguvu zake zote.

Mwache acheze, basi. Ajitie maji kwa mkono huo anapooga, afinyange mchanga, ale embe kwa mikono miwili, na kama vitundu vya waya vimefunga na vimekauka, aogelee, maana maji humwezesha kukunja na kunyoosha bila uzito. Punda, kupanda miti na kandanda avingoje wiki kadhaa zaidi, mpaka daktari akimwona aseme sasa inatosha. Chuoni anaweza kwenda.

Kwa mavyaa wako, sidhani ingefaa umwendee na katazo tupu. Anachokitaka ni mjukuu wake apone, na mikono yake imezoea kulea kwa mafuta. Mwombe akusaidie kwa jambo ambalo lina manufaa: ngozi iliyokaa chini ya plasta hukauka na kubanduka, nayo hupendeza kupakwa mafuta ya nazi kwa kiganja chepesi, juu juu, bila kukandamiza kiwiko na bila kupitia vitundu vya waya ikiwa havijafunga. Akimaliza kumpaka, awe ndiye anayemwambia mtoto agusanishe vidole kwa duara na ajaribu kufikia mdomo, kisha sikio, kisha bega, kadiri anavyoweza mwenyewe. Mbele yake unaweza kumwambia mtoto anyooshe mwenyewe mikono yote miwili, na ukamwonyesha mavyaa wako kwamba pembe yake inafanana pande zote mbili kadiri mkono wa kushoto unavyofika, jambo ambalo kwa mtoto wa jirani halipo.

Rudini kliniki kwa miadi mliyopewa, na kama hamkupewa, iombeni ndani ya wiki sita zijazo. Nenda na picha ya siku ya kuvunjika, picha ya baada ya waya kutolewa, na barua ya upasuaji, na umweleze daktari habari za vile vidole viwili kabla hajakuuliza, kwa sababu kliniki yenye watu wengi hutazama kiwiko na kusahau gumba. Usingoje siku ya miadi ikiwa vitundu vya waya vitatoa usaha au vitakuwa vyekundu na vyenye joto, ikiwa atapata homa, ikiwa mwendo alioupata utaanza kupungua badala ya kuongezeka, au ikiwa ataanguka tena na kiwiko kikavimba.